Tela la mizinga ya nyuki nililoligeuza chumba cha kulala porini

Usiku wa kwanza kulala kwenye tela langu, shemeji aliamka kwenda haja. Akatambaa kuelekea mlango wa nyuma, na alipofika ukingoni pua ya tela ikainuka, mkia ukashuka, na mimi, godoro na sufuria ya maharage tukateremka kumfuata kama magunia ya mahindi. "Shemeji, tumekwisha!" akapiga kelele. Hatukwisha. Tela la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wenye magurudumu mawili, ukishalifungua kwenye gari linageuka pembea, basi. Nilikuwa nalijua hilo kwa mizigo, ila sikuwahi kuwaza kwamba na mimi ni mzigo.

Nafuga nyuki. Mizinga yangu iko msituni kusini mwa Ipole, ukishapita Sikonge ukitokea Tabora mjini. Msimu mkubwa wa kurina, Mei hadi Julai, tunakaa huko wiki nzima, wakati mwingine mbili. Miaka yote tulilala kwenye kibanda cha nyasi ambacho kila tukirudi tunakikuta mchwa wameshakila nusu. Tela nilikuwa nalo tayari, lile la wazi la kubebea mizinga. Nikaamua kulijengea kuta na paa. Watu wawili hapa mjini wameniomba niwatengenezee kama hilo, nikawaambia wasubiri kwanza nieleze lilivyonitesa.

Kipimo ndicho kitu pekee nilichopatia tangu mwanzo, nacho ni bahati tu. Sakafu yake ni futi 8 kwa 4, sawasawa na shiti moja ya plaiwudi. Sakafu shiti moja, kila ubavu shiti moja iliyolazwa, paa shiti moja juu yake bati. Hukati sana na hubaki na vipande vya kutupa. Urefu wa kwenda juu ni futi 4: unakaa, husimami. Watu wananicheka, lakini matawi ya miyombo hayamwachii mtu kitu kirefu. Nilichokosea ni godoro. Nilinunua la 4 kwa 6 kabla ya kufunika kuta kwa ndani. Zile inchi chache za fremu na plaiwudi nyembamba ya ndani zikala nafasi, godoro likaingia limejikunja katikati kama mtumbwi. Nunua la futi 3 na nusu, au subiri mpaka ukuta wa mwisho uishe.

Zile futi 2 zinazobaki upande wa mlango ndiyo jiko: rafu mbili, sufuria, viungo, mtungi mdogo wa gesi ambao unashushwa chini kabla ya kuwasha. Hapo sina zaidi, kila mtu anajua jiko lake.

Uzito ndio ulikaribia kutuua. Safari ya kwanza niliweka madumu matatu ya maji, ya lita 20 kila moja, nyuma karibu na mlango ili iwe rahisi kuyachukua. Hizo ni kilo 60 kwenye mkia. Kwenye lami ya Sikonge, mwendo ulipofika kama 70, tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mtikiso mkubwa kuliko uliopita, na gari nalo likaanza kufuata. Ukikutwa na hilo usikanyage breki kwa nguvu wala usipigane na usukani. Achia mafuta, shika usukani unyooke, acha mwendo ufe wenyewe. Ndivyo nilivyofanya, nadhani kwa woga zaidi kuliko kwa ujuzi.

Tuliporudi nyumbani nikachukua mizani ya kuning'iniza, ile tunayopimia asali, nikaifunga kwenye tawi la mwembe na kuinua nayo pua ya tela, pale linaposhikana na gari, likiwa limekaa sawa na mzigo wake wote. Ikasoma kilo 12. Tela zima na mzigo nilikadiria kilo 480. Pua inatakiwa ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, yaani kwangu ilitakiwa kilo 48 hadi 72. Nikahamishia madumu mbele kidogo ya ekseli, mizani ikapanda hadi 53. Tela halijatikisika tena tangu siku hiyo. Kama hufugi nyuki, azima mizani kwa mnunuzi wa mazao, kazi yake ni dakika tano.

Ila kuna mtego hapo. Wakati wa kwenda unabeba maji na chakula. Wakati wa kurudi maji yameisha na umebeba asali, na ndoo ya lita 20 ya asali ni kama kilo 28, siyo 20. Kwa hiyo kitanda changu sasa kinakunjwa juu ya ukuta kwa bawaba, na ndoo zinapangwa sakafuni juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Mtu anayejenga kitanda cha kupigilia misumari amejinyima tela.

Fundi aliyenichomelea hapa mjini alifunga springi za tela la tani nzima. Zilikuwa na vipande saba. Kwa mzigo mdogo kama wangu zilikuwa ngumu kama reli, tela likawa linaruka kwenye kila tuta. Mzee mmoja mrina asali tuliyempa lifti aliliangalia kupitia kioo cha nyuma kimya, halafu akasema, "Mwanangu, kijumba chako kinatembea kama mbuzi aliyefungwa miguu." Nikatoa vipande viwili kila upande. Na kabla hujanunua ekseli, hesabu nati. Matairi ya tela langu ni saizi ile ile ya gari, nati sita kama ya gari, hivyo spea mbili zinahudumia magurudumu sita. Kila nikisimama nagusa kikombe cha katikati ya gurudumu kwa kiganja. Kikiwa na moto wa kushindwa kukigusa, beringi inaomba grisi au imekufa.

Namba za usajili, taa za nyuma na cheni za usalama sitavieleza. Vifunge. Nawe jifunze kurudi rivasi kwenye uwanja mtupu kabla ya kujifunza mbele za watu.

Sasa vumbi. Ukitoka kwenye lami kuingia njia za msituni mwezi wa saba, vumbi ni jekundu na laini kama unga. Tulifungua mlango tukakuta shuka za rangi moja na barabara. Nikaweka mpira wa mlango wa gari bovu kuzunguka fremu yote, vumbi likapungua nusu tu. Dereva mmoja wa zamani wa malori ndiye aliyenielewesha: gari likienda, hewa nyuma ya mkia inakuwa nyepesi, inanyonya ndani ya tela vumbi linaloinuliwa na matairi, na kila unapoziba linatafuta tundu jingine. Dawa yake ni kufungua tundu, siyo kuziba. Nikatoboa juu kabisa ukuta wa mbele, nikafunga kifuniko cha bati kinachofunguka kuelekea mbele, ndani yake wavu na sponji. Hewa safi inaingia kwa nguvu, inajaza tela, na penye upenyo nyuma hewa inatoka badala ya vumbi kuingia. Ukiwa nyuma ya lori, funga tundu hilo, maana hapo unameza vumbi lake lote.

Tundu hilo hilo likatatua jambo jingine. Usiku wa Juni huku ni baridi, na watu wawili wakipumua ndani ya kiboksi cha bati, alfajiri paa linadondosha maji usoni. Nilidhani linavuja. Lilikuwa ni pumzi zetu. Weka upenyo mmoja juu na mwingine chini upande wa pili, yote na wavu wa mbu, na bandika maboya membamba ya kuzuia baridi kati ya bati na plaiwudi ya ndani. Ukihisi baridi ongeza blanketi. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika moja, hata mlango ukiwa wazi; ile hewa yake haina harufu na aliyelala haamki.

Umeme: paneli ya wati 100, betri ya volti 12, taa tatu, simu mbili. Jua letu linatosha na kubaki. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na skrubu za paneli zizibwe kwa silikoni, kisha mwagia ndoo tatu za maji juu ya paa kabla ya Novemba kukufanyia jaribio hilo yenyewe.

Kivuli nilikitengeneza kwa turubai la bluu, lile la kila duka. Siku ya pili tulikuwa hatukaliki kwa ndorobo, yaani mbung'o. Wakatuuma kila mahali, hata kupitia soksi. Nami nimepita mara ngapi kwenye mitego ya ndorobo ya vitambaa vya bluu na vyeusi inayoning'inizwa porini, nikajua kabisa kwamba rangi hizo ndizo zinazowaita? Nilikuwa nimejijengea mtego na kukaa chini yake nikinywa chai. Sasa turubai ni la kijani, na kuta nje nimepaka rangi ya udongo.

Stendi nne za pembeni, ambazo zingemwokoa shemeji, nimezifunga sasa. Zinashushwa kabla mtu hajapanda. Miguu yake naipaka grisi, kama tunavyopaka waya za kuning'inizia mizinga, ili siafu wasipande.

Jambo la mwisho ni sanduku la mbele, juu ya mkono wa tela, nilikoweka betri. Niliwahi kuhifadhi nta humo, na tundu la kupitishia waya nililiacha wazi. Tela likakaa wiki tatu chini ya mwembe nyumbani. Asubuhi ya safari nikanyoosha mkono kufungua kifuniko, nikasikia sauti ninayoijua. Chumba chenye giza, harufu ya nta, mlango mdogo: mfuga nyuki mzima nilikuwa nimetengeneza mzinga na sikuutambua. Tulisafiri usiku kesho yake, tundu likiwa limezibwa kwa wavu, hadi Ipole. Kundi hilo sasa lina mzinga wake, namba 41, na mwaka huu ndilo lililotoa asali nyingi kuliko mengine yote.