Barua kwa Mwanangu: Mimi Ndiye Namba Saba

Mamangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimesimamisha cherehani ili nisikie vizuri pale ulipovuta kamasi. Unasema darasa lenu lililofanya mtihani wa KCSE 2005 linatimiza miaka 20 Desemba hii, na wanakamati wametaka kila mmoja atume picha moja na aya moja kwenye kundi la WhatsApp: unaishi wapi, unafanya kazi gani, una familia gani. Unaniuliza kama uandike kwamba wewe na baba watoto mmeachana, au uandike ya kazi tu na uwaache wadhani wanavyotaka kudhani.

Ningekupigia, lakini kwa simu wewe hunikatiza. Kwa hiyo naandika, na yule binti wa kibanda cha pili atazipiga picha hizi karatasi akutumie.

Unakumbuka alivyokuwa akisema nyanya yako, ambaye jina lake ndilo ulilobeba: mtu akikuuliza habari, mtazame miguu. Ikiwa inaendelea kutembea, mjibu "nzuri" umwache ashike njia yake. Ikiwa imesimama, hapo unaweza kumwambia "nzuri, lakini". Maana sisi hatuanzi na ubaya. Nzuri, lakini mtoto ana homa. Salama, lakini paa limeng'olewa na upepo. Habari yenyewe huja nyuma ya hiyo lakini, na anayepita hangoji kuisikia. Najua nimewaambia haya tangu mkiwa mnanyonya, wewe na kaka yako mkacheka chini chini. Chekeni. Nitayasema tena kabla karatasi haijaisha.

Sasa, hilo kundi lenu miguu yake utaionea wapi?

Ile habari ya mtaro unaijua, ila unaijua nusu. Unajua niliacha shule kidato cha tatu, muhula wa tatu, 1980, babu yako alipofariki na nyumba ya kazi ikatakiwa. Ilikuwa Jumanne. Wenzangu walikuwa maabara, mimi nikabeba sanduku langu la bati mpaka langoni, bila kumuaga mtu. Tukahamia kwa shangazi, Kaloleni ya hapa Nairobi, na mwaka uliofuata wenzangu wakafanya KCE, mtihani wa kidato cha nne wa wakati ule, bila mimi.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Redio ilikuwa imetangaza tangu alfajiri kwamba wanajeshi wameipindua serikali, lakini redio ya shangazi haikuwa na betri, basi mimi nikatoka na Biblia yangu kwenda kanisani kama Jumapili yoyote. Nilikuwa karibu na City Stadium lori lilipopita likiwa na askari, kisha nikasikia milio. Nilijitupa mtaroni. Kifudifudi, shavu kwenye maji ya mtu aliyefua jana yake, na Biblia chini ya kifua. Sikuthubutu hata kukohoa.

Hiyo ndiyo nusu uliyoisikia. Nusu nyingine ni kwamba niliona miguu. Soksi nyeupe, viatu vyeusi vya kamba, vile vya shule, maana ndivyo tulivyokuwa tukivaa kanisani sote tusiokuwa na vingine. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imekatika ikaungwa kwa fundo. Ile miguu ilipunguza mwendo. Nadhani ilisimama, pumzi moja. Kisha ikatoka mbio. Nilipoinuka baadaye hapakuwa na mtu, na gauni langu lilikuwa limeharibika, na hilo ndilo lililoniuma siku hiyo. Gauni.

Miaka 39 ikapita. Nikajifunza kushona, nikaolewa, nikawazaa ninyi, nikapata hiki kibanda hapa Uhuru Market ambapo nimewavisha sare watoto wa nusu ya Nairobi, pamoja na sare ya shule ile ile ambayo sikuimaliza. Wewe umekulia chini ya hii meza, sina haja ya kukueleza.

Agosti 2021, ule mwaka korona ilipovuruga kalenda na kidato cha kwanza wakaripoti mwezi huo, akaja mama mmoja kumnunulia mjukuu sweta mbili na sketi. Tulikuwa tumevaa barakoa. Akalipa kwa M-Pesa, na unajua M-Pesa ilivyokuwa, haikuficha jina la mtu. Akalisoma. Akanitazama. Akashusha barakoa akalisoma tena, majina yote matatu.

"Wewe tulisoma pamoja," akasema.

Nikamwambia huenda.

"Lakini wewe ulikufa."

Nikamwambia, basi hakuna aliyeniambia.

Mwanangu, yule mama alikalia kigoda cha wateja akalia mpaka jirani akadhani nimempandishia bei. Jioni hiyo akaniingiza kwenye kundi lao. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni orodha aliyonieleza, "Wenzetu Waliotutangulia", majina kumi na moja. Mimi ni namba saba. Mbele yake: 1982, na maneno haya, "alikuwa akitushonea vifungo usiku kwa mwanga wa tochi". Chini yake picha ya darasa ya 1979, na juu ya kichwa changu mtu amechora msalaba mdogo kwa kalamu ya bluu. Amechora vizuri, hata hajagusa nywele.

Wakanieleza kwamba walipokutana mara ya kwanza, miaka mitano kabla, walisimama kimya dakika moja kwa ajili yetu sote kumi na mmoja. Mimi siku hiyo bila shaka nilikuwa hapa nikigombana na mtu wa vifungo.

Nikatakiwa niandike habari zangu, aya moja, kama wewe. Niliandika nikafuta mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "mjasiriamali katika sekta ya mavazi", neno ulilonifundisha wewe siku tulipokuwa tukijaza fomu za mkopo. Nililisoma nikaona kama nimevaa koti la mtu. Mara ya pili nikaanza na ninyi, digrii yako na kazi ya kaka yako, nikaona nimewatanguliza watoto mbele kama ngao. Ya tatu sikumbuki. Mwishowe nikatuma: "Mimi ndiye namba saba. Niko hai. Nashona sare Uhuru Market." Basi. Ujumbe ukamiminika usiku kucha, simu ikitetemeka juu ya kabati mpaka ikaanguka. Wawili kati yao waliniuliza palepale kama kuna punguzo kwa waliosoma pamoja.

Nakwambia haya kwa sababu nimesoma aya zao zote, na mtu hujifunza. Mwanzoni zilikuwa za kifalme. Nyumba Runda, mtoto Australia, bwana mkurugenzi, Mungu ni mwema. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyeachwa, hakuna aliyeuza shamba. Siku hizi tumevuka sitini na mambo yamegeuka: presha, sukari, goti, nani ameshajiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, na nani bado anazungushwa. Yule wa Runda alituandikia mwaka jana, saa nane usiku, kwamba bwana hamtambui tena. Hakuandika "nzuri" kwanza. Nikaamka nikampigia saa hiyo hiyo, akapokea kabla haijalia mara mbili. Lakini sisi tuna miaka sitini. Ninyi bado mko kwenye aya za kifalme, na sijui kama kuna atakayekupigia saa nane.

Lakini nilikuwa nikisema habari ya mtaro.

Tulikutana Desemba ile, kafyu ikiwa imeondolewa Oktoba, Siku ya Mashujaa, na watu wana hamu ya kukaa nje usiku. Nilishona kitenge kipya, cha samawati, ule msalaba wao ulikuwa umeniingia akilini. Tukiwa kwenye chai, katibu wa kundi, tuliyekuwa tukimwita Redio kwa maneno yake mengi, akaja mpaka kwenye kiti changu akasimama. Redio, hana neno. Kisha akasema, "Ni mimi niliyewaambia. Nilikuona umelala mtaroni. Nilikimbia."

Nikamuuliza kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefungwaje.

Akaweka mkono mdomoni.

Mbele za watu nilimwambia alifanya vizuri, na ni kweli. Msichana wa miaka kumi na minane, risasi zinalia, angefanya nini? Angenigusa bega labda naye angelala hapo, na yeye asingeamka tena. Nilimkumbatia, tukapigwa picha, uliiona. Lakini usiku nyumbani sikulala. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua jina. Baba yako akiwa hai angekwambia nilivyo nikiwa hivyo, napanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Alfajiri ndipo nikaielewa. Haikuwa ya mtaro. Walijua nimekufa, wote, tangu 1982, na hakuna hata mmoja aliyemfikia nyanya yako kumpa pole. Hata mmoja. Nilikuwa nalilia matanga yangu mwenyewe, kwamba hayakupata watu.

Sasa najiuliza, wangemfikia wapi? Nyumba tulishahama, sikuacha anwani, sikuaga. Mimi ndiye niliyetoka langoni kimya na sanduku langu. Mtu akiondoka bila kusema anakokwenda, hawezi kudai afuatwe. Hayo najiambia mchana. Usiku najiambia kwamba Nairobi ya wakati ule haikuwa kubwa hivyo, na Kaloleni si Kisangani.

Redio aliuliza kwenye kundi kama wautoe ule msalaba kwenye picha, kuna kijana anayeweza kuufuta kwa programu. Nikakataa. Umekaa vizuri pale.

Kwa hiyo swali lako. Wewe unauliza uandike nini. Mimi ningekuuliza ni nani kati ya hao, majina mangapi unaweza kuyahesabu kwa vidole, atakayesoma "tumeachana" akasimama. Kama wapo wawili, waandikie hao wawili, na wale wengine uwaambie nzuri. Hilo si uongo. Hujambo, sijambo, hata nyoka husalimiwa hivyo. Lakini tena nikifikiria, mimi ningeandika "mjasiriamali" nikanyamaza, yule wa Runda asingeniona kama mtu wa kupokea simu yake saa nane. Kwa hiyo sijui. Nyanya yako angejua. Yeye alisema miguu, ila hakuishi kuona watu wakiulizana habari bila miguu.

Kuhusu baba watoto nilikuahidi sitasema neno, na sisemi. Wewe ndiye uliyelala kwenye nyumba hiyo, si mimi. Nasema tu, bila kutaja mtu, kwamba siku ya kuleta mahari kuna mtu alinisalimia mlangoni huku anavua viatu na macho yake yakiwa kwenye simu, na nilipomjibu "nzuri, lakini" alikuwa ameshaingia ndani. Nilikuwa nataka kumwambia paa la choo linavuja. Haya, nimekwisha. Mengine nimeyameza.

Redio hunipigia kila Jumapili asubuhi, kabla ya misa. Haulizi habari. Husema tu, "Namba saba?" nami nasema, "Nipo." Kisha anaanza umbea, na hapo hakuna wa kumzima.

Gauni lako la huo mkutano nitalishona mimi, usinunue. Kitambaa nimeshakiona Gikomba, rangi ya zambarau iliyoiva. Nitumie vipimo wiki hii, na vipime upya. Nakujua, utanipa kiuno cha mwaka juzi ili nisiulize kama unakula.

Mama yako