Mume ametuma talaka kwa simu, wakwe wanataka nitoke: nifanye nini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi naishi Pasua, Moshi, nauza mitumba Soko la Memorial. Mume wangu ni dereva, yuko Arusha. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Nimekuacha talaka moja, rudi kwenu." Siku hiyo nilikuwa kwenye hedhi. Kaka yangu alimpigia, akamjibu kuwa amekusudia na harudi nyuma. Mama mkwe amenipa mpaka Ijumaa niwe nimeondoka, anasema nyumba ni ya mwanawe. Nyumba hiyo tumejenga wote. Saruji na mabati nimenunua kwa pesa ya biashara yangu na nimeandika kwenye daftari. Tuna mtoto wa miaka 4. Je, nimeachika? Nitoke? Na mtoto je?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Pole sana, binti yangu.

Naanza na la Ijumaa kwa sababu ndilo la haraka. Usitoke. Katika Surat At-Talaq, aya ya kwanza, Mwenyezi Mungu amewakataza waume kuwatoa wake walioachwa majumbani mwao, na amewakataza wake nao kutoka, ila pakiwepo uchafu ulio wazi. Na tazama alivyoziita: "nyumba zao". Ameitaja nyumba kuwa ya mke, kwa kukaa si kwa kumiliki, hata kama tofali zote kanunua mume. Eda yako, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, unaikaa hapo hapo Pasua, na chakula, mavazi na makazi viko juu ya mume mpaka eda iishe, kwa kuwa talaka yako ni ya rejea, yaani mume anaweza kukurudia ndani ya eda. Msomee mama mkwe aya hiyo kwa adabu. Akishikilia, mwite imamu wa msikiti wenu aje na mzee mmoja wa upande wa mume. Inaniuma kila ninaposikia mwanamke wa Kiislamu amefungashiwa virago siku ya talaka, kisha waliomfungashia wakasema ndiyo dini.

Umeachika? Ndiyo, talaka moja. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, talaka ya maandishi hutegemea nia ya mwandishi, hivyo ujumbe peke yake ungetulazimu kumuuliza. Kwa kuwa amemthibitishia kaka yako kwa kinywa chake, shaka imeondoka.

Lakini amekuacha ukiwa kwenye hedhi, na hiyo ni dhambi juu yake. Abdullah bin Umar alifanya hivyo hivyo zama za Mtume (s.a.w.), na Mtume akaamrisha amrejee mkewe, akae naye mpaka atwaharike, apate hedhi nyingine, atwaharike tena, ndipo akitaka aache kabla hajamkaribia. Wanazuoni wa madhehebu manne wanasema talaka hiyo inahesabika pamoja na dhambi yake. Kwa hiyo mumeo aambiwe, na aambiwe na mtu anayemstahi: suna ni akurejee. Akisema "nimekurejea" ndani ya eda, mbele ya mashahidi wawili ndiyo bora, ndoa inaendelea bila mahari mpya, naye anabakiwa na talaka mbili. Kabla hajatamka hivyo, akija Moshi msilale chumba kimoja.

Eda yako ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Hedhi uliyoachwa nayo haimo kwenye hesabu. Ukishapita twahara ya tatu, damu inayofuata ikianza tu, eda imekwisha, na hapo akikutaka ni kwa nikaha mpya, walii, mahari na ridhaa yako. Andika tarehe, na ule ujumbe usiufute.

Sasa upande wa serikali, maana wengi huishia kwa sheikh, wakifika mbele wanakwama. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, huku Bara ndoa haivunjwi na ujumbe wa simu. Lazima kwanza mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Waislamu wengi hupitia la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Hilo halipingani na dini yetu, kwani Surat An-Nisaa aya ya 35 inaamrisha mwamuzi mmoja wa kwa mume na mmoja wa kwa mke. Wakishindwa kuwapatanisha, Baraza hutoa cheti, na shauri la talaka linafunguliwa kabla cheti hicho hakijapitisha miezi sita. Unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo. Bila hukumu ya mahakama, kwa serikali wewe bado ni mke wake, na mgawanyo wa mali hauwezi kuanza.

Kuhusu nyumba, lile daftari lako lilinde kama hati. Katika fiqhi, yaani sheria ya dini, ndoa haichanganyi mali. Pesa yako ya Memorial iliyonunua saruji na mabati ni yako, labda uwe ulimpa zawadi kwa moyo mweupe, na hilo unalijua wewe na Mola wako. Kama mlijenga kwa shirika, unayo hisa. Mahakama inaangalia mchango pia, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wapo ndugu wanaosema anachopewa mke kwa kupika na kulea ni haramu. Wanazuoni wamekhitilafiana. Rai yangu ni kwamba mkae suluhu mbele ya wazee, mkubaliane kiasi, mkiandike. Mlichoridhiana ni halali yako. Tena una haki ya kiliwazo, mut'a, aliyoitaja Mwenyezi Mungu katika Al-Baqara aya ya 241.

Mtoto anakaa nawe. Mtume (s.a.w.) alimwambia mama aliyetaka kunyang'anywa mwanawe kuwa ana haki zaidi naye maadamu hajaolewa. Sheria ya nchi nayo huchukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 abaki na mama, isipokuwa ionekane ni kwa madhara yake. Baba analipa chakula, nguo, matibabu na shule kadiri ya uwezo wake, awe amekurejea au hakukurejea. Asipotoa, mahakama itamlazimisha. Na wewe usimzuie kumwona mwanawe kwa sababu ya hasira. Pangeni siku, aje Pasua au kaka yako ampeleke Arusha.

Wallahu aalam.