Usiharakishe Kuweka Wavu wa Malkia

Mfugaji mpya wa nyuki hapa Dar es Salaam, awe na shamba la mikorosho Kigamboni au eneo karibu na mikoko ya Kunduchi, kwa kawaida hununua mzinga wa Langstroth ukiwa kamili: sanduku la chini la majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, sanduku la juu la asali, na kati yake wavu wa kumzuia malkia asipande kutaga juu. Akishavipanga vyote siku hiyo hiyo, hukaa msimu mzima akisubiri asali katika sanduku la juu ambalo nyuki hawajajenga hata sega moja.

Kundi linaloingia lenyewe katika mzinga uliopakwa nta huwa dogo, na nafasi kubwa kuliko uwezo wake wa kuilinda huwakaribisha nondo wa nta na mende wadogo wa mizinga. Kwa hiyo mimi huanza na sanduku la chini peke yake, lenye viunzi kumi, yaani fremu za mbao ambamo nyuki hujenga masega. Huongeza la pili pale tu nyuki wanapokuwa wamefunika viunzi saba au vinane, na ninapoona nta mpya, nyeupe, imeanza kujengwa juu ya vichwa vya viunzi, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba nafasi inawabana.

Hata hapo wavu hauwekwi bado. Nyuki vibarua husita kupita kwenye nyaya ili kwenda kwenye mbao tupu zisizo na harufu ya kundi lao, lakini wakishajenga masega juu na kuanza kuweka mbochi, yaani maji matamu ya maua, hupita bila shida.

Siku ya kuuweka, hakikisha malkia yuko chini. Kumtafuta kwa macho ni kazi ngumu, kwani nyuki wetu hukimbiakimbia mno kwenye masega. Njia ninayoiamini ni kukung'uta nyuki wote wa viunzi vya juu waangukie katika sanduku la chini, kisha kuweka wavu papo hapo na kurudisha sanduku la juu. Fanya kazi hiyo jioni, kwa moshi wa kutosha na mavazi kamili, na mbali na nyumba za majirani, maana nyuki wa Afrika hawasamehe purukushani.

Baada ya siku nne au tano, kagua juu. Yai la nyuki huanguliwa kwa siku tatu, hivyo ukikuta mayai, malkia amepita. Chunguza nyaya kwanza: nafasi kati yake ni takribani milimita nne, na waya mmoja uliopinda unatosha kumpitisha, hasa kwa kuwa nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya.

Ikiwa majana yalikuwa tayari juu, vibarua watatoka ndani ya siku 21 tangu yai litagwe, na madume ndani ya siku 24. Madume ni wanene, hawawezi kushuka. Nimewakuta wamekufa vichwa vikiwa vimenasa kati ya nyaya, wakiziba njia ya wenzao. Waachie upenyo mdogo chini ya mfuniko mpaka wamalize kutoka.

Wapo wafugaji wazoefu wasiotumia wavu kabisa, nami siwalaumu. Hata hivyo, kwa anayetaka kuuza asali, masega yasiyo na majana huvunwa kwa usafi zaidi, na kundi halipotezi watoto wake.

Masika yanapokuwa mazito, mvua huwazuia nyuki kuruka na huharibu maua. Kundi likipungua, ondoa sanduku la juu pamoja na wavu. Masega matupu yahifadhi mahali penye mwanga na hewa, kwa sababu nondo hupenda giza. Wavu ukwanguliwe nta na gundi asubuhi, kabla joto halijazilainisha, halafu uhifadhiwe ukiwa umelala bapa ili nyaya zisipinde.