Geuza pakiti kwanza: baa za protini kwa sisi wenye kisukari

Nilianza kula baa za protini, vile vipande vya kutafuna vinavyofanana na chokoleti, kwa sababu ya basi. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kila baada ya miezi mitatu natoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kukagua tawi letu. Unapanda alfajiri kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, mchana dereva anasimama kwenye hoteli ya njiani, konda anatangaza dakika kumi na tano, na mbele yako kuna chipsi, wali, maandazi na soda. Mwaka wa saba huu nameza metformini kwa kisukari cha aina ya pili. Hapo unakula sukari ipande, au unashinda na njaa mpaka Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Kijana mmoja ofisini, wa mambo ya gym, ndiye aliyenionyesha. "Mzee, kula hii, ni protini tupu." Nikaenda supamaketi moja Masaki, nikachukua nne, kila moja shilingi elfu nane. Jioni mke wangu akauliza hela imekwenda wapi, nami bila kufikiri nikamjibu imeishia baa. Ilichukua muda kueleweka.

Ile ya kwanza ilikuwa na karatasi ya kijani, picha ya jani, na maandishi makubwa kwamba haikuongezwa sukari. Niliila nyumbani Jumamosi saa nne asubuhi, sukari ya damu ikiwa 6.6 (mmol/L, kama mashine zetu zinavyosoma). Baada ya saa moja na nusu nikapima: 12.1. Nikadhani kidole kina kitu, nikanawa, nikapima tena: 11.9. Ndipo nikaigeuza pakiti, jambo ambalo kwa mkaguzi ni aibu kulifanya mwisho. Kiungo cha kwanza kilikuwa tende zilizosagwa. Wanga gramu 36, na ndani yake sukari gramu 24. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo nilikuwa nimelamba vijiko sita huku nikijisifu kwamba nakula protini. Na hiyo protini yenyewe ilikuwa gramu 7, yaani yai moja na kidogo.

Wala hawakunidanganya. Sukari hawakuongeza kweli, ilikuja na tende. Tende ni tunda la heri na Ramadhani hakuna wa kuligombeza, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na damu haiulizi kama imetoka kiwandani au mtendeni.

Tangu siku hiyo mbele ya pakiti napaona kama hotuba ya mwenyekiti kwenye taarifa ya mwaka: inapendeza, ila hesabu ziko nyuma. Hata neno la Kiingereza la "diabetic" likiandikwa mbele halinitikisi. Chama cha wenye kisukari cha Uingereza, Diabetes UK, kinawaambia watu wake waziwazi wasihangaike na vyakula vinavyouzwa kwa jina hilo: ni ghali, vina mafuta na nguvu nyingi kama vile vya kawaida, na vinaweza kuvuruga tumbo.

Nyuma naanza na uzito. Kuna watengenezaji wanaoandika hesabu za nusu baa, na hakuna binadamu anayekula nusu. Wengine wanaandika za gramu 100, wakati baa yenyewe ina 60. Ukishajua unasoma hesabu ya nini, nenda kwenye mstari wa wanga wote. Watu wengi hukimbilia mstari wa sukari, wakaona 2, wakafurahi. Lakini kuna kitu kinaitwa maltodekstrini, ambacho kwa sehemu kubwa hakihesabiwi kwenye mstari wa sukari, na kikifika mwilini kinapandisha sukari kwa kasi ya glukosi yenyewe. Kitakuwa kimejificha kwenye wanga.

Viungo navyo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Nikikuta kwenye vitatu vya mwanzo kuna shira ya glukosi, shira ya mchele, dekstrosi, asali au tende, nairudisha rafuni. Angalia pia ujanja wa kugawa: shira kidogo, asali kidogo, dekstrosi kidogo, kila moja inakaa chini kwenye orodha, na zikijumlishwa ndizo zinazoongoza. Huo mchezo nimeuona sana kwenye vocha za matumizi.

Sasa nyuzinyuzi, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea karibu mwaka mzima. Dukani kwetu unakuta baa za Uingereza, za Afrika Kusini na za Marekani rafu moja. Lebo ya Marekani inahesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga wote. Lebo ya Uingereza na ya nchi za Ulaya inaziweka pembeni, kwa mstari wake, zikiwa zimeshatolewa. Chukua baa ileile. Kwa Mmarekani itasomeka wanga 22, nyuzinyuzi 10, nawe unatoa mwenyewe unabaki na 12. Kwa Mwingereza itasomeka wanga 12, nyuzinyuzi 10. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba "toa nyuzinyuzi", basi nikawa natoa kila mahali. Ya Uingereza nikaipata 2, nikala mbili kwa raha zangu, kumbe nimekula wanga gramu 24. Kwa lugha ya ofisi, nilikuwa nakata gharama ambayo ilishakatwa. Za Afrika Kusini mara nyingi zimeandikwa moja kwa moja "glycaemic carbohydrate", maana yake ule wanga unaogusa sukari ya damu; hapo usitoe kitu.

Na si kila kinachoitwa nyuzinyuzi kinapita kimya. Kuna shira fulani, kwenye viungo hufupishwa IMO (isomalto-oligosakaridi), ambayo viwanda viliipenda sana kwa sababu ni tamu, inashika vizuri, na ilikuwa ikihesabiwa kama nyuzinyuzi. Sehemu yake inameng'enywa vizuri tu na kuwa sukari. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipoongeza aina nyingine kwenye orodha ya nyuzinyuzi inazozitambua, hiyo haikuingizwa. Mimi nikiiona naihesabu kama wanga, basi.

Vitamu vinavyoishia na "-ol" ni ukoo mmoja lakini tabia tofauti. Erithritoli karibu haipandishi sukari kabisa. Maltitoli inapandisha, si kama sukari ya mezani, ila inapandisha. Kwa hiyo mimi natoa nusu yake tu kwenye wanga, ndivyo mtaalamu wa lishe wa kliniki yetu alivyonifundisha. Na maltitoli ina jambo lingine. Safari moja nilibeba mbili za aina hiyo, ya kwanza nikaila Chalinze, ya pili Morogoro. Wenye kuijua barabara ile wanajua kwamba baada ya hapo unaingia hifadhi ya Mikumi, kilomita hamsini hivi, matuta baada ya matuta, na basi halisimami katikati ya nyati. Abiria wenzangu walikuwa wanapiga picha twiga. Mimi nilikuwa nimefumba macho nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Baadaye nikaisoma ile pakiti vizuri: onyo lilikuwepo, kwa herufi ndogo, kwamba ukila kwa wingi tumbo litafunguka. Kwa Ulaya onyo hilo ni la lazima pale vitamu hivyo vinapozidi asilimia 10 ya bidhaa.

Kuhusu erithritoli, mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic ya Marekani walichapisha kwenye jarida la Nature Medicine kwamba watu wenye kiwango kikubwa chake damuni walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Hilo halithibitishi kwamba baa ndiyo iliyosababisha, maana mwili nao hujitengenezea erithritoli yake. Hata hivyo sisi wenye kisukari tayari tuna deni kwenye moyo, kwa hiyo sili kila siku. Kwa sababu hiyohiyo nakagua mafuta: ile ngozi ya chokoleti mara nyingi ni mafuta ya mise, yanayoganda, ya aina ambayo moyo hauyahitaji. Isitoshe, kwa joto la Dar ngozi hiyo inabaki kwenye karatasi na wewe unabaki unalamba vidole.

Kuna siku moja ambayo ningependa kila mwenye kisukari aijue kabla hajaweka baa kwenye mkoba. Wakati huo daktari alikuwa ameniongezea glibenklamaidi, dawa ya kisukari inayoweza kushusha sukari kupita kiasi. Lori lilikuwa limeharibikia kwenye kona za Kitonga, foleni imeshika juu mpaka chini, saa nane mchana, nami sijala tangu asubuhi. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, jasho la baridi, mikono ikitetemeka kiasi kwamba stripu ya kupimia iliniponyoka mara mbili. Mashine ikasoma 3.3. Nikasema si nina baa yangu? Nikaitafuna yote. Baada ya dakika ishirini hivi: 3.2. Nilianza kuona maandishi ya kiti cha mbele yanaachana.

Mama aliyekaa pembeni yangu, mwenye mtoto mgongoni, akaniangalia. "Baba, una sukari wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Akatoa soda ya mwanawe, iliyonywewa robo, akanipa. Nilikunywa kama nusu chupa. Baada ya robo saa nikasoma 4.6 na aibu ikaanza kurudi, dalili nzuri hiyo. Mume wake, aliniambia, alikuwa wa sindano za insulini.

Baa nzuri ya kisukari ndiyo mbaya kabisa sukari inaposhuka. Wanga wake ni mdogo, utamu wake si sukari, na mafuta yanachelewesha hata kile kidogo kilichomo. Ikishuka chini ya 4 unahitaji gramu kama 15 za sukari ya haraka: nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 (siyo ya "zero"), au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena. Ikishapanda, hapo baa inaweza kufuata ili isishuke tena. Nilipomweleza daktari, dawa ile aliibadilisha. Lakini hadi leo mfuko wa pembeni wa mkoba wangu una soda, na siuchanganyi na wa baa.

Jambo lingine fupi lakini zito: figo. Kisukari huzila taratibu bila kelele, na mtu ambaye figo zake zimeanza kuvuja protini kwenye mkojo hatakiwi kujiongezea protini kwa kushauriwa na kijana wa gym. Pima mkojo, na damu upime kreatinini inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, muulize daktari wako, ndipo ununue.

Kipimo changu mimi, ambacho si sheria ya mtu mwingine: baa nzima isizidi wanga gramu 15 baada ya hesabu niliyoieleza, sukari isizidi 5, protini isipungue 12, nyuzinyuzi angalau 5. Protini iwe ya maziwa, soya au karanga. Nikikuta sehemu kubwa ni kolajeni naiacha, kwa kuwa protini hiyo inakosa kabisa kimoja kati ya viungo ambavyo mwili lazima uvipate kwenye chakula. Hata ikifaulu karatasini, naijaribu nyumbani siku ya mapumziko: napima kabla, naila peke yake bila chai ya maziwa pembeni, napima baada ya saa mbili. Ikipandisha zaidi ya 2 siibebi safarini. Stripu zinagharimu, najua, lakini stripu mbili ni rahisi kuliko boksi zima la kitu kisichokufaa. Na usichukue majibu yangu ukayafanya yako. Baa iliyonikalia vizuri mimi, shemeji yangu ilimpeleka 11.

Nitasema na hili ingawa linaharibu biashara ya watu. Yai la kuchemsha pale dirishani ni shilingi mia tano, lina protini gramu 6 na wanga usiofika gramu moja. Kwa bei ya baa moja napata mayai kumi na sita. Mawili na karanga za kukaanga za kiganja kimoja, umemaliza. Karanga, siyo kashata. Baa naiweka kwa siku ambazo mayai hayapatikani: kikao kinachovuka saa nane, usiku wa gesti isiyo na jiko, foleni ya Kitonga.

Mdogo wangu anayeishi Houston anakuja Desemba na ameahidi kuniletea. Mwanzoni alikuwa ananitumia picha za maboksi mazuri yenye milima na watu wanaokimbia, na kuniandikia ladha: hii ya vanila, hii ya siagi ya karanga. Nikamwambia, mdogo wangu, ladha baadaye, nigeuzie. Wiki iliyopita katuma migongo mitatu. Moja ina shira ya mchele mstari wa kwanza. Nyingine wanga 29, nyuzinyuzi 12, na hizo 12 zinatoka kwenye IMO. Ya tatu imebaki na 9. Nimemwambia alete mbili tu kwanza, boksi litafuata nikishazipima. Kajibu, "Kaka, ni chokoleti tu hizi, unazikagua kama benki?" Bado sijamjibu, nasubiri anitumie uzito wa baa moja; kidole chake kimeuziba kwenye picha.