Maswali ya Wasomaji: Mpeni Pweza Nafasi Ajitokeze

SWALI: Mjomba, shikamoo. Jumamosi hii tunakwenda akwariamu: mimi, baba watoto, watoto watatu (miaka 4, 9 na 13) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Mara iliyopita tulipita mbiombio tangi baada ya tangi, wadogo wakaishia kulilia vinyago dukani. Mkubwa safari hii amegoma. Anasema lile ni gereza la samaki. Tufanyeje? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mama. Nilitunza matangi miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ukurasa huu, na kilichoniuma kila wikiendi ni familia zinazosimama nusu dakika mbele ya pweza, zinasema “hamna kitu humu,” zinaondoka. Pweza yumo. Amejibana kwenye ufa, ngozi imeshika rangi ya jiwe, na jicho lake linawatazama. Basi nakusihi, msiende kumaliza matangi. Kila mtoto achague mnyama mmoja, na nyote mkae naye dakika kumi. Mengine mkiyapita, hamjapoteza kitu.

Huyo wa miaka 9 mpe pweza. Mwambie ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na kwa kuwa hana mfupa hata mmoja, hupenya penye tundu dogo ajabu. Mwaka 2016 dunia ilisikia habari za pweza aitwaye Inky, wa akwariamu ya mji wa Napier, New Zealand, aliyetoka tangini usiku, akavuka sakafu, akaingia kwenye bomba la maji na kurudi baharini. Mtoto akishasikia hayo, hatalichoka lile jiwe.

Mdogo aanze na farasi wa bahari. Matangi yao huwa madogo na mara nyingi huwekwa chini, usawa wa macho ya mtoto. Hapo amtafute baba mwenye tumbo: jike hutaga mayai kwenye mfuko wa dume, na dume ndiye anayezaa. Sehemu ya konyeza (jellyfish) huwa na giza, kwa hiyo mshike mkono. Muulize kwa nini tangi lao ni la mviringo. Konyeza hana ubongo wala moyo, anakwenda na mkondo, na tangi lingekuwa na pembe angenasa humo na kuumia. Mkifika kwenye dimbwi la kugusa, alowanishe mikono kwanza, aguse kwa vidole viwili, na kiti cha pweza (yule samaki nyota) asimtoe majini.

Mama mkwe msimburute. Ulizeni mlangoni kama kuna kiti cha magurudumu, kisha mkalisheni mbele ya tangi kubwa. Nina hakika yeye ndiye ataona mengi kuliko nyote. Aliyetulia ndiye huona chewa akipanua kinywa na samaki wadogo wakaingia kumsafisha meno na matamvua, wakatoka salama. Watoto wakirudi, awasimulie yeye.

Sasa mkubwa wako. Tafadhali msimcheke wala msimnyamazishe, maana ameuliza swali ambalo sisi watunzaji tunalibeba kila siku. Wapo wanyama ambao tangi haliwafai. Akwariamu ya Monterey Bay, Marekani, ilimpokea papa mweupe mchanga mwaka 2004, ikakaa naye siku 198, ikamrudisha baharini. Baadaye ilijaribu wengine wachache, kisha mpango ukakoma. Kwa upande mwingine, akwariamu ya Shedd, Chicago, ilikuwa na samaki mwenye mapafu kutoka Australia, jamaa wa kamongo, aliyefika mwaka 1933 na kuishi hapo mpaka 2017. Kwa hiyo jibu si moja kwa wanyama wote. Mpe kijana kazi: amtafute mtunzaji amuulize, huyu alizaliwa hapa, alivuliwa, au aliokolewa akiwa mgonjwa? Ana pa kujificha? Anapewa nini cha kumshughulisha? Mtunzaji anayeipenda kazi yake atafurahi kuulizwa. Akiona majibu hayaridhishi, ana haki ya kubaki na msimamo wake.

SWALI: Papa anaogelea na samaki wengine tangi moja. Mbona hawali? – Msomaji mdadisi

JIBU: Kwa sababu ameshiba. Papa wengi si walafi kama watu wanavyodhani. Miili yao haitumii chakula kuipasha damu joto kama yetu. Watunzaji huwafunza kufuata alama ya rangi fulani kwenye ncha ya fimbo, kila mmoja na yake, na hapo ndipo hulishwa, ili ijulikane nani amekula na nani amekataa. Ila nikwambie kweli: mara mojamoja samaki hupungua usiku. Na yule papa mwenye meno yaliyochomoza, anayeogelea kinywa wazi, anayewatisha watoto kuliko wote, ni mpole sana.

SWALI: Picha zangu za akwariamu hutoka na doa jeupe katikati. Simu yangu ni mbovu? – Mpenda picha

JIBU: Simu ni nzima. Doa hilo ni mwanga wa flashi ukigonga kioo na kukurudia. Uzime kabisa, pia kwa ajili ya samaki, kwani wengi wao hawana kope za kufumba. Kisha gusisha simu kwenye kioo taratibu, bila kugonga. Sauti majini husafiri kwa kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, na kila kishindo unachopiga kinawafikia wote waliomo. Subiri samaki aje mwenyewe upande wako, ndipo ubonyeze.