Mume wa bao, mke wa taarab, na usiku wa kutoka na marafiki

Kaka mleta mada, umesema wewe ni wa mpira, shemeji ni wa taarab, na Jumamosi marafiki wamewaalika kwenye onyesho la taarab siku ileile Simba na Yanga wanapokutana. Wengi wamekushauri umwache aende na mashoga zake. Mimi nasema nendeni wote wawili. Nyumbani kwangu mume ni mtu wa bao, na mimi taarab nimeikuta kwa bibi yangu Unguja, kwa hiyo jambo hili nalijua.

Mume wangu akishakaa kwenye bao barazani, hata kahawa inampolea pembeni. Nilimwomba anifundishe, si ili nicheze, bali nijue anatazama nini pale. Akanionyesha mashimo 32 na kete 64: kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, na 22 nyingine anazo akiba. Wakati wa namua, yaani awamu ya kwanza ya mchezo, mnaingiza kete za akiba mojamoja, na kazi kubwa ni kuilinda ile nyumba mpaka ifike saa ya kuitumia. Kucheza sichezi mpaka leo, subira hiyo sina. Lakini akirudi akasema nyumba yake imeliwa mapema, najua jioni yake ilivyokwenda na nina la kumuuliza.

Naye taarab aliingia kwa mlango huohuo. Tulitoka na marafiki wenye ndoa zao, tukakaa meza moja. Katikati ya ubeti shoga yangu akainuka, akaenda jukwaani taratibu kwa madaha, noti ameiinua juu, akamtunza mwimbaji, kisha akarudi huku jicho lake liko meza ya pili. Mume wangu akaninong'oneza, "Mbona ametoa pesa na wimbo haujaisha?" Nikamwambia hatunzi sauti peke yake, anatunza ubeti. Maneno yale ameshayafanya yake, na mlengwa amesikia. Simu yake ikarudi mfukoni. Kuanzia hapo kila ubeti ananiuliza huu unamwendea nani, na ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilipopigwa peke yake alinyamaza kabisa. Mtu wa bao anapenda hila iliyofichwa, na taarab imejaa hizo.

Sasa yako. Mechi ikipigwa saa 11 jioni, saa 1 na kidogo imekwisha, na taarab hainogi mapema. Tazama mpira wako kwa raha, uoge, uvae vizuri, mtoke. Mkifungwa usimpelekee shemeji uso wa msiba, na marafiki waambie mapema kwamba utani wa Simba na Yanga ungoje kesho, usiku ule ni wake.

Pa kukaa kubalianeni kabla. Wanaume tukiwaachia (naona sana hili) huhamia nyuma kuzungumza usajili, na wake zao wanabaki mbele kama wamekuja peke yao. Kaa naye. Saa ya kuondoka nayo isemwe nyumbani, hasa kama mmeacha watoto kwa mtu.

Na pesa ya kutunza itengwe kabla hamjatoka. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakinuniana njia nzima kwenye gari, kisa noti zilizokwenda jukwaani mwenzake akiwa hana habari. Fungu likijulikana, shemeji atainuka kwa furaha na wewe hutahesabu kwa macho.

Leo hii muulize wimbo anaousubiri ni upi, akuimbie beti mbili tatu mkiwa jikoni, ili ukipigwa Jumamosi noti uwe umeshamshikia tayari.