Uliza Ujibiwe: Shemeji kairudisha helmeti ina mchubuko, na hasemi neno

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu hapa Morogoro, na kazini naenda kwa pikipiki. Mwezi uliopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipata safari ya msibani Iringa, akaamua kwenda kwa pikipiki. Vifaa hakuwa navyo, nikamwazima vyangu: helmeti ya kufunika uso mzima, jaketi lenye pedi mabegani na viwikoni, na glavu. Helmeti hiyo niliinunua shilingi 350,000, pesa niliyoidunduliza.

Aliporudisha sikuwepo. Alimkabidhi mke wangu mfuko, akashukuru, akaondoka. Nilipoufungua nikakuta helmeti ina mchubuko nyuma upande wa kushoto, mpana wa vidole vitatu, na inanuka petroli. Kioo kimekwaruzika. Zipu ya jaketi imeng'oka meno. Glavu zimelika kidogo viganjani. Nikampigia kumuuliza safari ilikuwaje. Akasema nzuri tu, akahamia kwenye habari za msiba.

Mke wangu ananisihi niyaache, maana huyu ni kaka yake mkubwa na tunasali kanisa moja. Je, nimdai? Na helmeti naweza kuendelea kuivaa?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo linahusu uhai wako na mengine yote yanaweza kusubiri. Usiivae. Iweke kando mpaka ujue jambo moja: mchubuko ule ulipatikana helmeti ikiwa tupu, au kichwa cha shemeji yako kikiwa ndani?

Nimeuza spea za pikipiki hapa Tanga miaka mingi, na hili ndilo wateja wengi hawalijui. Ganda la nje tunalolisifia rangi si lote linalokuokoa. Chini ya kitambaa kuna tabaka la povu gumu jeupe, la aina ile inayokuja kwenye boksi la televisheni. Kichwa kikigonga, povu lile linabonyea na kuumeza ule mshindo usifike kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi. Kazi yake ni ya mara moja, na ukivaa tena helmeti hiyo, pale palipobonyea hapana kinga. Kwa nje unaweza usione zaidi ya mchubuko.

Helmeti tupu iliyoporomoka kutoka kwenye siti ni habari nyingine. Hapo hapakuwa na kichwa cha kulikandamiza povu kwa ndani, na mara nyingi kinachoumia ni rangi. Mara nyingi, sikusema kila mara. Kwa hiyo ing'oe sponji na kitambaa cha ndani, ukae juani, upitishe kidole gumba polepole juu ya povu lote, hasa nyuma kushoto. Ukihisi bonde, au ukaona ufa hata mwembamba wa unywele, mjadala umekwisha. Vuta mkanda wa kidevuni kwa nguvu, utazame misumari inayoushikilia kwenye ganda. Kisha libane ganda kwa mikono miwili huku na huku, usikilize kama linalia.

Hiyo harufu ya petroli ndiyo imenitia wasiwasi zaidi ya mchubuko wenyewe. Naamini shemeji yako alikuwa anasugua lami au alama ili akurudishie kitu kisafi, na nia hiyo siidharau. Lakini petroli inadhoofisha ganda la plastiki, na ikipenya ndani inaliyeyusha lile povu. Helmeti inasafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, basi. Ukikuta povu limelainika au limekula mashimo, haifai tena, hata kama haikuanguka kabisa.

Sasa umeona kwa nini ukimya wa shemeji ni mzito kuliko zipu na kioo. Kioo ukikitazama unajua hali yake. Habari ya mchubuko anayo yeye peke yake, na wewe unatakiwa uweke kichwa chako mle ndani kesho asubuhi ukienda kufundisha. Mtu akiazima chombo cha kulinda uhai kikapata ajali, deni la kwanza analodaiwa ni maelezo, tena siku ileile, kabla mwenyewe hajakitumia. Pesa inafuata baadaye. Na huenda alianguka kweli njiani, akaona aibu, au anaogopa dada yake asijue. Barabara ile ya Mikumi na Kitonga yenye malori si ya mchezo. Hata yeye mwenyewe huenda anahitaji kwenda kupimwa.

Kwa hiyo muulize. Usimuulize kwa simu, wala kanisani, wala mbele ya dada yake. Nenda kwake na helmeti mkononi, na useme hivi: "Shemeji, nimeona alama hapa nyuma. Sijaja kudai. Nataka kujua tu, ulianguka nayo au iliporomoka yenyewe? Kama ulianguka nayo siwezi kuivaa tena, na nataka kujua kama wewe ni mzima." Mtu akiulizwa hivyo ana njia ya kusema ukweli bila kudhalilika. Maneno ya mkeo nayaheshimu, anailinda nyumba yake. Ila kunyamaza kwako hakutailinda. Utakuwa unamtazama shemeji yako jinsi hujawahi kumtazama, na yeye atajua.

Kuhusu kulipa, msimamo wangu hauyumbi: aliyeazima analipa kilichoharibika mikononi mwake, hata kama hakukusudia. Sisi Waislamu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na huko kitu cha kuazima kina dhamana. Asili yake ni kisa cha Safwan bin Umayya, tajiri wa Makka. Kabla ya vita vya Hunayn Mtume alimwomba deraya, nguo za chuma za vitani. Safwan, ambaye alikuwa bado hajasilimu, akauliza kama ananyang'anywa. Akajibiwa kuwa hapana, ni azima yenye dhamana. Imepokewa kwamba baadhi zilipotea, na Mtume mwenyewe akajitolea kulipa. Safwan akasamehe. Ningependa uutazame mpangilio huo: mwazimaji ndiye aliyeanza kutaja malipo, na mwenye mali ndiye aliyesamehe. Msamaha wa kulazimishwa na jamaa, mwenye kosa akiwa kimya, ni kitu kingine.

Na kwa kuwa mnasali kanisa moja, mfungulie Kutoka 22, aya ya 14 na ya 15. Aliyeazima mnyama wa mwenzake akaumia au akafa, naye mwenye mnyama hayupo, lazima alipe. Mwenyewe akiwepo, halipi. Wewe ulikuwa Morogoro, yeye alikuwa njiani. Hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza ya kwake. Hilo nimelitaja ulijue tu, si la kumpeleka mtu barazani.

Alipe nini, basi? Zipu ni yake, ampelekee fundi cherehani aliyezoea mabegi, aweke nzito. Kioo ni chake pia, na kwa helmeti za bei hiyo mara nyingi kioo kinauzwa peke yake. Glavu mwachie. Kulika viganjani ndiyo kazi ya glavu, na ulipomruhusu aende Iringa na kurudi uliruhusu na kulika huko. Helmeti ikiwa imekufa, kadiria ilikuwa na thamani gani siku aliyoichukua, usitaje bei ya dukani. Snell, taasisi ya Marekani ya kupima helmeti iliyoanzishwa mwaka 1957 baada ya dereva wa mashindano Pete Snell kufa kwa jeraha la kichwa, inashauri helmeti ibadilishwe kila baada ya miaka mitano. Kama yako ina miaka mitatu, umeshaitumia zaidi ya nusu ya uhai wake, na si haki akununulie mpya wewe usitoe kitu. Changieni. Akikosa pesa kwa sasa, akulipe kidogo kidogo, ila akubali kwa mdomo wake kwamba anadaiwa.

Jambo moja nakuomba kwa dhati: ikithibitika imekufa, usiiuze wala usimpe kijana wa bodaboda. Ikate mkanda, ulipasue ganda. Nimeletewa dukani helmeti zilizopigwa rangi upya kuficha alama za ajali, na walionunua kwingine hawakujua wanavaa nini.

SWALI: Mimi ni bodaboda, Muheza. Abiria niliyempa helmeti aliiangusha wakati wa kushuka, kioo kikapasuka. Nimdai?

JIBU: Usimdai. Huyo hakuazima. Amelipa nauli, na helmeti ni sehemu ya huduma anayoilipia. Tena wewe mwenyewe ulikuwepo pale. Angekuwa ameibamiza kwa hasira ningekujibu vingine. Mzoeshe abiria akupe helmeti mkononi kabla hajaanza kutafuta pesa mfukoni, maana hapo ndipo nyingi zinapoanguka. Na kioo hicho kitoe leo, usimpakie abiria mwingine uso wake ukiwa nyuma ya plastiki iliyopasuka.